Waifai kwenye nyumba ya mawe

Ukipita Mkomani, mtaa wa Lamu, ukaniona nazunguka nyumba ya shangazi na simu mkononi kama mtu aliyedondosha pete, ujue napima waifai. Nyumba ni ya kale, ya matumbawe na chokaa, ukuta wake unene wa dhiraa nzima, na chumba cha ndani kabisa hata adhana hukifikia imechoka. Fundi aliyeleta intaneti aliiacha ruta, kile kisanduku cha kugawa waifai, karibu na daka, kibaraza cha mlangoni, pale waya wake ulipoishia, akaenda zake. Dakani mawimbi tele. Ndani, tableti ya watoto yasema imeunganishwa, lakini somo halifunguki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua ruta yenye antena sita. Ilipendeza. Chumba cha ndani hakikusikia kitu, maana shida haikuwa udogo wa ruta, ni ule ukuta. Basi usishindane nao, uzunguke. Nyumba zetu zina kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na vyumba karibu vyote vina mlango au dirisha upande huo. Waya upite hapo.

Nilitaka kutoboa. Shangazi akanishika mkono: "Mwanangu, ukuta huu usiuguse. Mtaziba kwa saruji, na saruji na chokaa hazipatani." Kweli, saruji hufungia unyevu ndani na chokaa ikaanza kubanduka. Kwa hiyo nilipitisha waya wa mtandao juu ya boriti, nikaufunga kwa kamba nyembamba, ukaingilia juu ya mlango. Ulikula mita 18. Huna haja ya kuogopa urefu, waya huu hufika hata mita 100. Nunua wa shaba tupu, si ule wa alumini iliyopakwa shaba.

Mwisho wa waya weka ruta ya pili; ya zamani iliyolala kabatini yatosha. Hapa ndipo wengi hukwama, twende polepole. Kabla hujaiunganisha na ile kubwa ya dakani, ichomeke kwenye kompyuta peke yake, ufungue kivinjari na uandike anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kama ruta kubwa ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2. Kisha zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ibaki kwa ile kubwa peke yake. Mimi nilisahau. Jioni nzima ruta mbili ziligawa anwani kama wapishi wawili kwenye sufuria moja: kompyuta inapata, tableti inakosa, ukizima na kuwasha zinabadilishana. Mwisho, waya uchomeke kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, si la WAN, la intaneti itokayo nje.

Ruta zote mbili zipe jina moja la waifai na nenosiri moja, ili mtoto akitoka dakani kwenda ndani tableti ihame yenyewe. Chaneli, yaani njia za mawimbi, ndizo zitofautiane: kwenye masafa ya 2.4 GHz moja iwe 1, nyingine 6 au 11. Masafa ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini hukata tamaa mapema mbele ya jiwe. Yafaa ukiwa chumba kimoja na ruta. Kompyuta kuukuu huenda isiyaone kabisa, usidhani imeharibika.

Kwa usalama, yaani kufuli ya waifai, chagua WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vinaikubali. Badilisha nenosiri la kuingilia ruta yenyewe pia, sio la waifai tu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na jirani aliye dirisha kwa dirisha nawe anapata mawimbi kuliko chumba chako.

Ruta usiifiche ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata kama inapendeza pale kati ya vyombo vya kauri. Iweke juu, mahali pa wazi, mbali na mvua ya kiwanda. Na vichwa vya waya uvichomoe mara moja moja uvitazame. Pwani hii chumvi haina simile. Mwezi uliopita nilichomoa kimoja kikatoka kijani.