Jinsi ya Kuandaa Ng'ombe wa Maziwa kwa Kiangazi Kisichotabirika

Wafugaji wa ukanda wa mifugo wa Uganda, unaoanzia Isingiro na Kiruhura, ukapita Nakasongola hadi Karamoja, wameona wenyewe jinsi mvua za Machi zinavyochelewa na kiangazi cha Juni kinavyorefuka. Hata hivyo, mtu hukumbuka zaidi mwaka ng'ombe walipokufa kuliko miaka ya kawaida. Kwa hiyo andika daftarini siku mvua ilipoanza, siku bwawa lilipokauka, na lita za maziwa alizotoa kila ng'ombe. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha urefu wa pengo la malisho unalopaswa kuliziba.

Pengo hilo huzibwa wakati wa mvua, nyasi zingali tele. Ng'ombe akila kilo 20 za sileji, yaani malisho mabichi kama mahindi yaliyokatwakatwa na kushindiliwa shimoni bila hewa, kwa siku, siku 90 zitahitaji kilo 1,800, na kwa kuwa mita moja ya ujazo iliyoshindiliwa vizuri hubeba takriban kilo 500, mchimbie shimo la mita nne za ujazo, ukihesabu na kitakachoharibika. Kata mahindi punje zikiwa zimeanza kukauka lakini bado zinabonyea chini ya ukucha, kisha yakatekate vipande vya sentimita mbili au tatu. Kamata konzi moja uiminye kwa nguvu: maji yakichuruzika, yaache yanyauke kwanza, donge likifumuka polepole kiganjani, yako tayari. Jaza tabaka kwa tabaka huku ukishindilia bila huruma, kwa maana hewa ikibaki ndani huleta ukungu, na jasho lako lote litakuwa limepotea. Funika kwa turubai la plastiki na udongo, usifungue kabla ya wiki nne.

Chakula kikionekana hakitatosha, uza mapema madume na ng'ombe wasiozaa, wangali na nyama. Najua uamuzi huu ni mgumu, hasa Ankole, ambako kundi ni heshima ya nyumba. Lakini kungoja hadi mbavu zihesabike ni kumpa mnunuzi ng'ombe wako kwa bei anayotaka yeye.

Ng'ombe wa Frisian anayekamuliwa huweza kunywa zaidi ya lita 60 kwa siku, na joto huongeza kiu huku likipunguza hamu ya kula. Mpatie kivuli cha miti, maji karibu na zizi, na sehemu kubwa ya lishe jioni, jua likishapoa.