Namna ya kutumia "they" kwa mtu mmoja: kwa vijana wanaojiandaa kuongoza wageni mlimani

Nawafundisha Kiingereza vijana wa hapa Moshi wanaotaka kutoka kwenye ugumu wa kubeba mizigo wawe waongoza watalii, na neno "they" (yaani "wao") ndilo linalowachanganya zaidi. Mgeni akisema pale geti la Machame, la kupandia Kilimanjaro, "Someone left their jacket," kijana anaanza kutafuta watu wawili. Koti ni moja, na mwenyewe ni mmoja.

Kwanza sikiliza nani katajwa kabla. "Someone", "anyone", "a climber": hao ni mmoja mmoja. "They", "them" au "their" ikifuata, inamrudia huyo huyo, ila msemaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke, au haoni haja ya kusema. Sisi "amesahau koti" inatutosha. Kiingereza kinamtaka mtu achague "he" au "she", na "they" inamwondolea kazi hiyo.

Kitenzi hakibadiliki: "they are", hata kwa mmoja. Ni sawa na "you are". Zamani mtu mmoja aliambiwa "thou", kama mlivyoisikia kwenye Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na "you" ilikuwa ya wengi.

Asili yake naipenda sana. "They" ililetwa na watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wenyeji walikuwa na "hie" kwa maana hiyo hiyo, lakini ilikaribiana mno na "he" kwa matamshi, basi neno la wageni likashika, likateremka polepole hadi kusini. "Hem" ya wenyeji, iliyokuwa na maana ya "them", haikufa yote: mgeni akisema "tell 'em", ndiyo hiyo. Na kutumia "they" kwa mmoja kumeandikwa tangu karne ya 14, kwa hiyo anayewaambia ni uzushi wa juzi, msimsikilize.

Jioni ya kuwaandaa wageni, semeni: "If anyone gets a headache, they must tell me." Hapo mama na baba wote wamo. Mgeni akiomba mwenyewe aitwe "they", mwite hivyo, na uwaambie wagumu, yaani wabeba mizigo, na mpishi.

Kwenye redio ni tofauti. Hapo acheni "they" kabisa, tajeni jina la mgeni na idadi. Aliye kambi ya chini akisikia "they are sick" hajui aandae machela moja au nne.