SOMO: Kupata intaneti ya nyumbani ya bei ya chini hapa Marekani, hatua kwa hatua, hata kama ACP imekufa

Jamani, tangu ACP, ule msaada wa serikali wa kulipia intaneti, ifungwe Juni 2024 na ile dola 30 ya kila mwezi kupotea kwenye bili, naona familia zetu nyingi zimerudi kwenye hotspoti ya simu, mtoto hawezi kufanya homuweki mpaka baba arudi shifti maana simu iko naye kiwandani. Pakeji za bei ya chini bado zipo, ila muuzaji wa dukani hakutajii, yeye anataka uchukue kubwa. Kwa hiyo usianzie dukani, anzia kwenye makaratasi.

Hatua ya 1. Tafuta barua ya karibuni inayoonyesha unapata Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), SNAP (msaada wa chakula) au SSI (pesa za wazee na walemavu wenye kipato kidogo). Jina liwe vilevile kama kwenye kitambulisho, na sisi wa majina matatu hapa ndipo tunapokwamia, jina la babu limekaa mahali pa ukoo basi mfumo unakukataa. Kama SNAP yako ilikatwa kwa ile sheria ya Julai 2025 iliyowatoa wakimbizi wasio na grini kadi, bado una njia: Lifeline, punguzo la serikali kwenye bili ya simu au intaneti, wanakubali kipato chenyewe kikiwa hakizidi asilimia 135 ya mstari wa umaskini wa serikali, unapeleka peislipu za miezi mitatu mfululizo au ritani ya kodi ya mwaka jana.

Hatua ya 2. Ingia broadbandmap.fcc.gov, andika adresi, uone kampuni gani zinafika kwenu. Usishangae ikiwa ni moja tu.

Hatua ya 3, hii ndiyo kubwa. Ukipiga simu taja pakeji KWA JINA LAKE. Comcast inaitwa Internet Essentials, mara ya mwisho naangalia ilikuwa dola 14.95 kwa mwezi na modemu wanakupa, AT&T wana Access, Spectrum wana Internet Assist. Walio New York, sheria ya jimbo tangu Januari 2025 inazitaka kampuni kubwa ziwe na pakeji ya dola 15 kwa wenye kipato kidogo. Na tafadhali usisaini kwanza ya kawaida eti utabadilisha baadaye, kuna kampuni zinatoa hizi kwa mteja mpya tu. Omba mkalimani wa Kiswahili, kampuni nyingi kubwa wanaye kwenye simu, usimwache mtoto wa miaka kumi akutafsirie mkataba.

Hatua ya 4. Kabla ya kukubali omba lebo. Tangu 2024 kila kampuni lazima ionyeshe lebo yenye bei, ada za kila mwezi, pesa ya kukodi modemu na bei itakayokuja ofa ikiisha. Huo mstari wa mwisho usome mara mbili.

Hatua ya 5. Lifeline inakata dola 9.25 kwa mwezi, unaomba lifelinesupport.org. Kila mwaka unathibitisha upya, ukipuuza barua yao wanakutoa.

MASWALI

Mama, Louisville: Mume wangu ana simu ya bure ya Lifeline, naweza kuomba na mimi ya nyumbani?
Jibu: Hapana mama, Lifeline ni moja kwa kaya. Mnaweza kuihamisha kutoka simu kwenda intaneti, ila piga hesabu kwanza, maana simu ya bure mkiipoteza mtailipia. Pakeji ya kampuni ni kitu kingine kabisa, hiyo omba tu, simu ibaki.

Kaka, Iowa: Tuko vijana wanne apatimenti moja, wote kiwanda cha nyama, Lifeline wamekubali mmoja tu, wengine wamekataliwa kwa sababu ya adresi.
Jibu: Kaya kwa sheria yao ni watu wanaochangia kipato na matumizi, siyo kulala paa moja. Kama kila mtu ana pesa zake na chakula chake, kila mmoja ajaze fomu inaitwa Household Worksheet. Lakini kaka, waifai moja mkichanga wanne si inawatosha? Intaneti yenye kasi ya Mbps 75 ni nyingi, hata wote mkipiga video WhatsApp nyumbani Uvira usiku mmoja haikwami.

Dada: Wanasema adresi yetu ina deni, na sisi tumehamia juzi.
Jibu: Hilo ni la mpangaji aliyetoka. Watumie mkataba wako wa nyumba wenye tarehe, usilipe hata senti.

Mzee, Texas: Hii haitaniharibia grini kadi?
Jibu: Mzee wangu, kama uliingia kama mkimbizi, sheria yenyewe inakutoa kwenye kile kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali. Walio na viza za aina nyingine waulize wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote.

Dada: Nimepigiwa eti ACP imerudi, wanataka namba yangu ya soshal.
Jibu: Kata simu na umbloku. Haijarudi.