Kiwanja kidogo huombwa kabla bikoni hazijachimbiwa

Mwaka 2013, gesi ilipowaleta wageni Mtwara, mwenye nyumba wangu alipandisha kodi ya chumba kutoka shilingi 30,000 hadi 70,000, tena akataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mimi nakaanga samaki ninaowachukua soko la Feri. Fedha hiyo sikuwa nayo. Nilifunga virago na wanangu watatu, tukahamia kwa dada yangu Mikindani. Tangu hapo sikosi mkutano wa mtaa, na ombi langu ni moja: viwanja vinapopimwa, vidogo viwe vingi. Mara ya kwanza tulishindwa, mara ya pili tukapata.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kungoja. Tulianza kulalamika wakati bikoni, zile nguzo za mipaka ya viwanja, zimeshachimbiwa, mchoro umeshaidhinishwa, viwanja vyote ni vya ujazo mdogo, yaani vikubwa na vichache. Kwa hiyo ukisikia tu kwamba eneo litapimwa, nenda kwa mtendaji wa mtaa umuulize mchoro umefikia wapi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitaka mamlaka ikutane na wadau, wenye ardhi wakiwemo, inapoandaa mpango. Itaje sheria hiyo kwa jina na kwa heshima. Na wewe mpangaji, usijitoe. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote watu wazima, si wa wenye nyumba peke yao.

Halafu nenda na hesabu. Kiwanja huuzwa kwa mita ya mraba. Tuseme mita moja ni shilingi 3,000: kiwanja cha mita 1,200 ni shilingi 3,600,000, cha mita 400 ni 1,200,000. Niliziandika kwa mkaa kwenye boksi la mafuta ya kula, nikalisimamisha mbele ya kina mama wenzangu wa kikoba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili. Mji wetu huu ulichorwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, na wazungu wakajengewa Shangani kwenye viwanja vipana karibu na bahari. Reli ya karanga ilishang'olewa zamani. Sioni kwa nini muuza samaki wa leo apimiwe bustani ya bwana shamba wa wakati ule.

Utapingwa, na wengine watakuwa na hoja. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, mnataka kutuletea msongamano, nyumba ikiungua gari lisipite?" Nikamjibu, "Baba, msongamano unaletwa na kujenga bila kupimiwa njia." Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli, basi tukaongeza kwenye ombi: barabara ya kupita gari la zimamoto na la kunyonya vyoo. Siku ya mkutano alituunga mkono yeye mwenyewe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni muhtasari. Mara ya kwanza tulisema vizuri, tukapigiwa makofi, tukaenda zetu, hakuna kilichoandikwa. Mara ya pili tulipeleka ajenda kwa mwenyekiti mapema, mahudhurio yakawa na majina na saini, muhtasari ukagongwa mhuri wa mtendaji. Toa nakala nne: ya mtendaji wa kata, ya diwani, ya afisa mipango miji, na yako. Nakala yako usimwazime mtu. Diwani mwombe alipeleke suala kwenye kamati ya mipango miji, kisha nenda baraza la madiwani linapokaa, kila baada ya miezi mitatu. Kusema hamtaruhusiwa, kusikiliza mtaruhusiwa. Sisi tulikwenda saba, tukakaa nyuma na kanga zetu, na diwani alituona.

Mchoro ulirudi una safu mbili za viwanja vya ujazo mkubwa, yaani vidogo na vingi. Changu ni mita 400, na msingi nimeshaumwaga.

Na malipo pia myaombee kwenye ombi hilohilo: awamu ya mwisho iwe Desemba, korosho zikishauzwa. Sisi hatukukumbuka. Tarehe ya mwisho ikaangukia Agosti, mifuko mitupu, na wenzetu wawili wakavikosa viwanja walivyovipigania.