Ukifika Tuolumne Meadows, wahi asubuhi

Kama safari yako ya Yosemite, hifadhi ya taifa kule California, inapitia uwanda wa majani wa Tuolumne Meadows, usiishie kupiga picha barabarani. Egesha gari karibu na jabali la Lembert Dome, kisha fuata njia tambarare mpaka Soda Springs. Ni mwendo mfupi tu, hata watoto wanauweza.

Pale utaona maji baridi yakibubujika ardhini yenyewe, yana mapovu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na udongo pembeni umegeuka rangi ya kutu. Yatazame tu, usiyanywe. Hatua chache mbele kuna Parsons Memorial Lodge, jengo la mawe la mwaka 1915. Kwenye uwanda huuhuu, mwaka 1889, mtetezi wa mazingira John Muir na mhariri Robert Underwood Johnson walipiga kambi na kupanga kampeni ya kuifanya Yosemite hifadhi ya taifa. Mwaka uliofuata ikawa.

Nenda asubuhi. Mchana wa kiangazi radi huja ghafla, na uwanda wazi si mahali pa kukutwa nayo. Uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tembea taratibu na beba sweta hata Julai. Mbu nao, theluji ikishayeyuka, hawana huruma!

Usikanyage majani kukata njia. Chakula, hata dawa ya meno, funga kwenye kabati la chuma la kuzuia dubu. Barabara ya Tioga, inayokufikisha huku, hufungwa majira ya baridi, hivyo ulizia kabla hujatoka.