Adapta ya rejeta ya oili ikilegea, tafuta kwanza kinachoizungusha

Kila Alhamisi natoka Umoja, Nairobi, na pikipiki kupeleka vipuri vya pampu za maji Magadi. Ni kilomita zipatazo 110 kutoka mjini, na ukishapita Corner Baridi barabara inateremka bondeni na joto linakupokea usoni. Injini yangu inapozwa na hewa tu, kwa hiyo nilifungiwa rejeta ndogo ya oili mbele ya fremu. Oili huifikia kupitia adapta, kile kisahani cha alumini kinachokaa kati ya injini na filta, chenye nipo mbili ubavuni, yaani vichomozo vya kufungia mipira inayopitisha oili. Kisahani hicho kimenitoa jasho.

Mara ya kwanza nilikuwa nimekaribia Olepolos, napanda kurudi. Nilihisi buti la kulia limepata joto, nikatazama chini nikaliona linang'aa kwa oili, na michirizi myeusi imefika hadi rimu ya nyuma. Nikasimama papo hapo. Oili kwenye tairi la nyuma, kwenye kona za barabara ile, itakuua. Ukiona kumelowa huko chini usijiambie utaenda polepole hadi nyumbani. Zima injini, tafuta pikapu.

Gereji niliyoipeleka, kijana aliniambia, "Mama, hii ni ya kukaza tu." Akakaza. Ilidumu wiki tatu. Nikarudi, akakaza tena, safari hii akapaka silikoni pembeni. Ikadumu wiki mbili. Mwishowe nikaenda kwa mzee mmoja anayekereza vyuma Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan. Yule mzee hakugusa spana. Aliushika mpira wa oili kwa vidole viwili, akausukuma kidogo, na adapta nzima ikacheza.

"Umeona, mama? Mpira wako ndio spana. Injini ikitetemeka, wenyewe unafungua."

Mpira ulikuwa mfupi na mgumu, umevutwa kutoka kwenye nipo hadi kwenye rejeta, ukakata kona kali. Kila mtetemo ulikuwa unaisukuma adapta upande wa kufungukia. Ungeikaza mara mia, ingelegea mara mia. Kwa hiyo kabla hujafungua chochote, injini ikiwa baridi, fanya alivyofanya mzee. Shika adapta uizungushe kwa mkono. Ikicheza, boliti ya katikati imelegea. Kisha shika mipira uone inavuta upande gani.

Kama haichezi lakini inavuja, tafuta mahali penyewe. Osha eneo lote kwa mafuta ya taa na brashi, kausha kabisa, halafu nyunyizia poda ya mtoto. Washa injini dakika mbili tatu. Oili itachora mstari mweusi kwenye weupe wa poda, na mwanzo wa mstari ndio mahali panapovuja: kati ya injini na adapta, kati ya adapta na filta, au kwenye nipo. Upepo wa barabarani hutawanya oili, ndiyo maana watu hubadilisha filta bure.

Sasa kazi yenyewe. Pasha injini kidogo ili oili iwe nyepesi, izime, simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mwaga oili kwenye karai. Usiimwage mtaroni; itie kwenye mtungi, wapo wanaoikusanya. Toa filta. Legeza mipira kwenye nipo ukitumia spana mbili, moja imeshika nipo na nyingine inazungusha nati, maana nipo iliyofungwa kwenye alumini ikizunguka huondoka na thredi, ile mikato ya skrubu. Ndipo ufungue boliti ya katikati. Boliti hii ina tundu ndani yake, oili hupita humo kurudi injini, na ndiyo inayobeba adapta na filta pamoja. Kwenye yangu ni kipenyo cha milimita 20 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya thredi na thredi, kama pikipiki nyingi za Kijapani zenye filta ya nje. Pima yako kabla ya kununua kitu.

Hapa ndipo nilipojifunza sababu ya pili. Ukifungua filta iliyobana sana, boliti ya katikati huzunguka pamoja nayo. Filta inatoka, unafunga mpya, unafurahi, na hujui kwamba nyuma yake adapta imeachwa imelegea. Nadhani yangu ilianzia hapo, siku ya kubadilisha oili, na mpira mfupi ukamalizia.

Geuza adapta utazame mfereji wa oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Oringi nzima ni ya duara ukiikata; yangu ilikuwa bapa kama utepe na ngumu kama kucha, na pembeni mwake zilining'inia nyuzi za ile silikoni. Nilizishika zile nyuzi nikaogopa. Kipande kimoja kikikatika ndani, kinasafiri na oili hadi kwenye njia nyembamba, na sehemu iliyo mbele yake inakosa oili. Usitie silikoni hapa, wala ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Oringi mpya inatosha. Beba ile ya zamani pamoja na adapta yenyewe dukani, ipimwe kwenye mfereji, na uulize ya mpira wa Viton, kwa sababu hiyo huvumilia joto la nyuzi 200 hivi, wakati ile ya kawaida ya mpira wa nitraili huanza kuchoka ikipita 100 na kitu.

Kagua na uso wa adapta. Ulaze juu ya kioo cha dirisha ubonyeze pembe moja baada ya nyingine, ukitikisika, umepinda. Kama ni kidogo, gundisha msasa laini namba 400 kwenye kioo, tia mafuta ya taa, sugua kwa mzunguko hadi rangi iwe moja kote. Kisha osha mara mbili, na mashimo yote. Vumbi la msasa linakula beringi.

Kabla ya kurudisha, shughulikia mipira, la sivyo umefanya kazi bure. Nilinunua mirefu zaidi ya kubeba oili ya moto, nikaipitisha kwa mviringo mpana, nikaifunga kwenye fremu kwa klipu zilizozungushiwa kipande cha tyubu ili isisuguane na chuma. Ijaribu ikiwa bado haijakazwa: iketi yenyewe, bila kuisukuma. Geuza usukani hadi mwisho kushoto na kulia, hakikisha hakuna kinachoguswa.

Safisha thredi za boliti na za injini zikauke kabisa. Weka tone moja la Loctite 243, ile gundi ya thredi ya buluu, kwenye thredi zinazoingia upande wa injini. Tone moja tu, lisifike kwenye tundu la oili. Usitumie nyekundu, kuifungua kutahitaji moto, na moto karibu na oili na alumini hutaki kuujaribu. Paka oringi oili mpya, ikalishe mfereji, weka adapta, shika mwili wake kwa mkono mmoja nipo zikiwa zinaelekea mipira, kaza boliti. Kipimo cha kukaza kimo kwenye karatasi ya adapta, kifuate. Karatasi ikiwa imepotea, tumia spana fupi na nguvu ya kiganja. Bomba refu la kuongeza nguvu litavua thredi za injini, na hapo umeingia gharama nyingine kabisa.

Nati za mipira mwisho, kwa spana mbili tena. Halafu iache ilale hadi kesho yake, gundi ishike.

Filta mpya: hakikisha pete ya mpira ya ile ya zamani haikubaki imegandamana kwenye adapta, paka pete mpya oili, zungusha filta kwa mkono hadi pete iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye filta yako. Tia oili, washa, tazama taa ya oili. Isipozima ndani ya sekunde chache, zima injini. Ikizima, acha injini ingurume dakika mbili, izime, subiri, pima upya, kwa sababu rejeta na mipira vimekunywa sehemu yake na lazima uongeze.

Mwisho nilichukua rangi ya kucha kwenye mkoba wangu nikachora mstari mmoja mwekundu kutoka kwenye mwili wa adapta hadi kwenye injini. Nikaenda hadi Kiserian na kurudi, nikaacha ipoe, nikachuchumaa na tochi. Mstari ukivunjika, adapta imezunguka, na hapo usiongeze kukaza, kwani gundi imeshakatika. Fungua uanze upya. Wangu naukagua kila Alhamisi asubuhi kabla ya kupakia mzigo.