Modeli ya SNARE kwa kamba, shanga 64 na vibanio 16: soma yote kabla hujauliza

Swali linarudi kila muhula: sumu ya pepopunda na botulini (sumu ya bakteria inayopatikana kwenye chakula) zote hukata protini za SNARE (zinazounganisha kifuko cha neva na utando wa seli ili kimwage kemikali za ujumbe), mbona mgonjwa mmoja anakakamaa na mwingine analegea? Kwa mdomo halieleweki. Tengeneza modeli hii, uishike mkononi, ndipo urudi na maswali.

1. Vifaa. Kamba ya bluu sm 70 (sinaptobrevini, yaani VAMP2, inayokaa kwenye kifuko cha neva), nyekundu sm 70 (sintaksini, ya utando wa seli), kijani mita 1.5 (SNAP-25). Shanga za karatasi 64: nyeusi 1, nyeupe 3, zilizobaki rangi yoyote. Kadi ngumu mbili, vibanio vya nguo 16.

2. Kijani ni kamba moja. Usiikate.

3. Tunga shanga 16 kwenye bluu na 16 kwenye nyekundu, sm 3 kutoka moja hadi nyingine. Kijani inabeba mafungu mawili ya 16, moja kila upande, katikati ukiacha sm 60 tupu. Kila shanga ni tabaka la helisi (sehemu ya protini iliyojisokota kama springi). Shanga ya 8 ndiyo tabaka sifuri: kwenye bluu weka nyeusi (asidi amino arginini, herufi yake R), kwenye mafungu mengine matatu weka nyeupe (asidi amino glutamini, herufi yake Q). Majina R-SNARE na Q-SNARE yametoka hapo.

4. Mkia ulio baada ya shanga ya 16 uchomeke kwenye kadi: bluu kwenye kadi ya kifuko, nyekundu kwenye kadi ya utando wa seli.

5. Kulaza SNAP-25. Hapa ndipo modeli nyingi huharibika, na nyingine zimeharibika mikononi mwangu. Mkono unataka kukunja kamba ya kijani katikati kama kibanio cha nywele. Ukifanya hivyo, fungu la pili linatazama nyuma, shanga ya 1 inakutana na ya 16, na nyeupe hazilingani tena na nyeusi. Helisi zote nne lazima zielekee upande mmoja. Kwa hiyo fungu la kwanza likifika shanga ya 16 karibu na utando, ile sm 60 tupu inarudi hadi mwanzo, na fungu la pili linaanza upya kutoka shanga ya 1. Kitanzi hicho kirefu kina kazi nyingine pia. SNAP-25 haina mkia unaotoboa utando. Inashikizwa na minyororo ya mafuta iliyofungwa kwenye asidi amino nne za sisteini mwanzoni mwa kitanzi, kwa hiyo kibandike kwa gundi kwenye kadi ya nyekundu karibu na shanga ya 16. Kagua kabla ya kuendelea: nyeusi moja na nyeupe tatu zikae mstari mmoja. Zisipokaa, fumua.

6. Funga zipu. Banio la kwanza kwenye shanga ya 1, mbali na kadi, kisha 2, 3, kuendelea. Kadi zinavutana, na mvuto huo ndio unaounganisha tando. Bluu ikilazwa kinyume unapata daraja linalozitenga kadi mbili. Simama katikati ya zipu uwaeleze wanafunzi: kwenye neva vifuko vilivyo tayari husubiri hapa, protini ya kompleksini ikishikilia, mpaka protini nyingine, sinaptotagmini, ihisi kalsiamu. Kuanzia hapo kumwaga ni chini ya milisekunde moja.

7. Bandua vibanio. Ndani ya seli kazi hiyo hufanywa na protini NSF pamoja na alfa-SNAP (usiichanganye na SNAP-25), kwa gharama ya ATP, nishati ya seli.

8. Weka alama za mikato kwa uzi, pale kila sumu inapokata (A, B na E ni aina za botulini). Pepopunda na botulini B: bluu, kati ya shanga 13 na 14. Botulini A: fungu la pili la kijani, kati ya 14 na 15. Botulini E: fungu hilohilo, kati ya 9 na 10.

MASWALI

Mwanafunzi, Mbarara: Ssebo, za kijani nakata mbili?
— Hatua ya 2.

Mwanafunzi, Mbarara: Lakini helisi ni nne na kamba ni tatu.
— Hatua ya 5. Isome yote.

Mwalimu wa baiolojia, Gulu: Kama pepopunda na botulini B zinakata mahali pamoja, tofauti inatoka wapi?
— Asante, mwalimu, hilo ndilo swali. Mkato ni mmoja, neva ni tofauti. Botulini hubaki pale neva inapokutana na msuli, inazuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ukaze, msuli unalegea. Sumu ya pepopunda hupanda ndani ya neva hadi uti wa mgongo, ikahamia kwenye neva za breki zinazomwaga glisini na GABA, kemikali za kutuliza. Breki zikikatika, misuli yote inakaza. Jaribu pia hili: sumu hizi hukata SNARE iliyo wazi, zipu iliyokwisha kufungwa haikatiki. Lakini NSF huifungua baadaye, na hapo inakuwa wazi tena.

Muuguzi, Mbale: Kwa nini tukimpa antitoksini mgonjwa wa pepopunda hafunguki siku hiyohiyo?
— Musawo, antitoksini hukamata sumu iliyo bado nje ya neva. Iliyoingia haiifikii, kwa hiyo kupona huchukua wiki kadhaa. Tena kuugua hakumpi kinga: achanjwe.

Mwalimu wa baiolojia, Gulu: Kuna ugonjwa wa SNARE usio wa sumu?
— Upo. Protini Munc18-1 huongoza sintaksini, na jeni yake ni STXBP1. Mabadiliko yake yanaleta kifafa kikali kinachoanza utotoni. Sintaksini 11, ndugu ya ile nyekundu, ikiharibika, seli za kinga hushindwa kumwaga sumu zao za kuulia, na mtoto hupata uvimbe wa kinga usiozimika.

Fundi shanga, Owino: Shanga za karatasi zipakwe vanishi mara mbili, la sivyo jasho la mikono linazifumua.
— Kweli kabisa. Ziache zikauke usiku kucha.

Mzazi, Jinja: Botulini ipo huku kwetu?
— Ipo. Mwaka 2008 wanafunzi wa shule ya bweni hapa Uganda waliugua botulini A, na chanzo kilihusishwa na kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Sumu yenyewe hufa chakula kikifika nyuzi 85 mpaka ndani kwa dakika 5 au zaidi. Mbegu za bakteria hazifi hapo, zinataka nyuzi 121 chini ya shinikizo. Kwa hiyo chakula cha mafuta kilichozibwa hewa usikiache kwenye joto la nyumba.